Mgonjwa Hana Mkwe

Hosiana simpendi, na sitaki mtu asome habari hizi akadhani ninamsifia. Nimefanya naye kazi katika chumba cha wagonjwa mahututi cha hospitali moja hapa Kahama kwa miaka mingi kuliko niliyokaa na mume wangu, na mume wangu nilimwacha kwa makosa madogo kuliko ya Hosiana.

Ni mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mzaliwa wa Ushirombo kama mimi. Kila Jumapili husali misa ya kwanza, kisha hutoka kanisani akitafuta wa kugombana naye. Madaktari vijana humwamkia wakiwa mbali ili asipate nafasi ya kuwauliza kitu. Ndugu wa wagonjwa walimpa jina la Mama Mipira, na hulitamka wakiwa wameshafika getini.

Jina lilitokana na kazi yenyewe. Mgonjwa wa kwetu hulala katikati ya mipira. Upo wa mdomoni unaompa pumzi ya mashine, na wa puani unaoshusha uji tumboni. Upo mwembamba wa shingoni, unaoingia kwenye mshipa mkubwa na kupeleka zile dawa kali. Kwenye kifundo cha mkono kuna kanula, kimrija cha plastiki kilichochomekwa ndani ya mshipa, ambayo kazi yake ni kusoma presha tu. Ukipitishia dawa humo kwa makosa, mtu anaweza kupoteza mkono. Mwisho upo mpira wa mkojo, unaotoka chini ya blanketi na kushuka pembeni ya kitanda mpaka kwenye mfuko. Mgeni akiingia mara ya kwanza huona kama utumbo wa mbuzi uliomwagwa, hajui kipi kinaanzia wapi.

Hosiana anajua. Akiingia zamu hasalimii mtu. Ananawa mikono, anamwendea mgonjwa, anaushika mpira kwa vidole viwili pale unapoingia mwilini na kuufuata polepole mpaka mwisho wake, ndipo anashika mwingine. Kuangalia tu kwa macho hakubali. "Macho yana haraka," huwaambia wanafunzi. "Vidole havina pa kwenda." Mwanafunzi akichomeka sindano kwenye mpira ambao hajaufuata, anapigwa kofi la mkononi mbele ya watu. Mfuko wa mkojo sharti uning'inie chini ya kiuno cha mgonjwa, usiguse sakafu wala usipandishwe kitandani, kwa sababu mkojo ukirudi kibofuni unarudi na wadudu. Haya yote ni kweli na mimi nimejifunza kwake. Kujifunza kwa mtu si kumpenda.

Ubaya wake wote aliuweka akiba kwa ndugu wa wagonjwa. Kwake ndugu ni adui aliyekuja na chupa ya uji. "Mikono ya ndugu imeua wengi kuliko malaria," alikuwa akisema, tena kwa sauti, ndugu wenyewe wakiwa wamesimama hapo. Mafuta ya upako aliyatupa. Hirizi iliyofungwa juu ya kanula aliikata kwa mkasi, bibi wa mtoto akiangalia. Mtu akilalamika kwamba mzazi wake amelazwa nusu uchi, jibu lilikuwa moja: "Mficha uchi hazai, na mficha mkojo haponi." Na aliyelalamika akijitambulisha kuwa ni mkwe, Hosiana alimcheka usoni. "Mgonjwa hana mkwe," alisema. "Ukwe uache hapo mlangoni pamoja na viatu vyako."

Sasa sikiliza unafiki. Huyu huyu Hosiana ana binti, Paskalina, aliyeolewa na Wilbard, fundi pikipiki wa hapo hapo Nyahanga, mtaa anaoishi Hosiana. Nimekaa uani kwake nikamwona Wilbard anaingia. Hosiana aliruka kutoka kwenye mkeka, akajitanda kanga mpaka machoni, akakimbilia jikoni na kumsalimia mkwe wake kupitia ukuta. Akabaki humo kwenye moshi, anakohoa, mpaka Wilbard alipomaliza ugali wake na kuondoka. Nyumbani kwake mkwe alikuwa mkwe. Wodini mkwe alikuwa takataka.

Ndipo akaletwa Mama Lusia.

Lusia ni jina lake mwenyewe la ubatizo. Alikuwa mkulima wa Samuye, mjane, mama mtu mzima mwenye mikono migumu ya jembe. Homa ya matumbo ilimlia utumbo kwa ndani, akaitibu kwa mizizi na panadol mpaka utumbo ukatoboka. Shinyanga mjini kulikuwa karibu zaidi, lakini mtoto wake pekee, Vumilia, ameolewa hapa Kahama, na mume wa Vumilia ndiye aliyekwenda kumchukua kwa gari ili mgonjwa awe karibu na bintiye.

Huyo mume anaitwa Enock, mchimbaji wa dhahabu, mtu wa kushinda ndani ya maduara, yale mashimo ya dhahabu, huko Geita, kifua kama mlango. Lakini mbele ya mama mkwe wake alikuwa mwali. Kwa Wasukuma, kama kwetu Wasumbwa, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni na hawakai chumba kimoja. Mmoja kuuona mwili wa mwenzake ni msiba. Siyo chuki, ndivyo wanavyopendana. Enock alimleta Mama Lusia kutoka Samuye akiwa ametundika kanga kati ya kiti cha mbele na cha nyuma, na kile kioo cha kutazamia nyuma alikuwa amekigeuzia juu. Aliendesha njia yote hivyo, malori yakimpigia honi. Majirani walimpakia mgonjwa, manesi tukamshusha, naye Enock akaenda kukaa kwenye benchi la nje akiupa mlango mgongo.

Mama Lusia alipasuliwa, akaoshwa tumbo, akaletwa kwetu akipumua kwa mashine. Daktari wa zamu alikuwa Athanas, mtu mpole asiyepandisha sauti hata akichomwa. Alimweleza Vumilia bila kumficha. Uchafu wa tumboni ulikuwa umeingia kwenye damu, na kilichokuwa hatarini sasa ni figo. Figo zikistahimili, mama atapona. Zikikata, sisi hatuna mashine ya kusafisha damu, itabidi apelekwe Mwanza, na mgonjwa wa hali ile anaweza kufia njiani.

Kwa hiyo tukawa tunauchunga mkojo wake kama wafugaji wanavyochunga maji ya kiangazi. Kila saa tulikwenda kuutazama mfuko. Ulikuwa unajaa kidogo kidogo, rangi ya chai ya rangi, lakini unajaa. Mama Lusia mwenyewe alianza kuzinduka. Kusema hakuweza kwa sababu ya mpira wa mdomoni, ila ukimwita alifumbua macho, na Vumilia akimshika kidole alikibana.

Siku moja asubuhi Hosiana alifuata mipira yake yote kama kawaida, kila kitu kikawa sawa. Daktari Athanas alitaka kuongea na familia, kwani huenda tumbo lingehitaji kuoshwa tena. Vumilia akasema aambiwe yeye.

"Wewe?" Hosiana akamtazama juu mpaka chini. "Wewe unalia hata ukiulizwa jina. Mwanamume wenu yuko wapi?"

"Yuko nje, sista, ila yeye ni..."

"Ila nini? Mchana aje asimame hapa hapa kitandani. Daktari hana muda wa kwenda kuhubiri kwenye benchi."

"Ni mkwe wake, sista. Mama yuko macho."

"Mgonjwa hana mkwe."

Nilikuwa kitanda cha pili natandika shuka. Niliyaona macho ya Mama Lusia yakigeuka kumtafuta binti yake.

Yaliyofuata mchana hakuna aliyeyaona, tuliyajua baadaye. Vumilia aliruhusiwa kuingia kumpangusa mama yake. Mfuko ulikuwa pembeni ya kitanda, upande wa mlango, mahali ambapo mtu anayeingia ni lazima aukute kwanza. Enock alikuwa njiani kuja, na mkojo wa mama mkwe wake ulikuwa umening'inia mwangani. Vumilia alikuwa ametuona manesi tukiumwaga mara nyingi. Akafungua kile kidude cha chini, akaumwaga kwenye ndoo, mfuko ukabaki mtupu na safi. Lakini mkojo ungetoka tena, ungeonekana ukitiririka mbele ya Enock huku amesimama hapo. Akachana upindo wa kanga yake, akaukunja mpira juu ya paja la mama yake na kuufunga kwa ule ukanda, akakaza, akashusha blanketi. Alikusudia kufungua mara tu mumewe atakapotoka. Wahenga walisema heri lawama kuliko fedheha, na yeye alichagua lawama.

Enock akaingia, macho sakafuni, kofia kifuani. Daktari akasema yake, Enock akaitikia "ndiyo" kila daktari alipopumzika, kisha akatoka akipapasa mlango kama kipofu. Vumilia akainama kitandani, mkono tayari uko kwenye blanketi.

"Muda umekwisha," Hosiana akasema. "Toka."

"Sista, kuna kitu nikiweke sawa tu."

"Utaweka sawa nyumbani kwako."

"Sista, nakuomba, dakika moja."

Hosiana alimshika bega, akamtoa, akafunga mlango. Nilimsikia Vumilia akigonga. Ndugu wanagonga sana pale kwetu, mwishowe unazoea.

Saa ya kwanza mfuko ukawa mtupu. Ya pili, mtupu. Mama Lusia akaanza kuhangaika. Alipiga miguu, alikunja magoti, akapeleka mkono chini ya blanketi, Hosiana akaurudisha juu na kuifunga mikono yote miwili kwenye chuma cha kitanda asije akang'oa mipira. Presha ilipanda. Daktari Athanas alikuja, akautazama mfuko, na jambo la kwanza aliloliuliza lilikuwa lile lile ambalo daktari yeyote angeuliza.

"Mpira umefuatwa?"

"Nimeufuata mwenyewe asubuhi," Hosiana akasema.

"Leo mchana je?"

"Daktari, katika chumba hiki mipira yangu haiguswi."

Alimwamini, kwa sababu sote tulimwamini. Akaagiza maji zaidi ya mshipani, kisha dawa ya kumtuliza mgonjwa ili asipambane na mashine. Miguu ikatulia. Mfuko ukabaki mtupu. Jua lilipoanza kuteremka, daktari akasema kwa ile sauti yake ya chini kwamba figo zimekata, itafutwe gari la kwenda Mwanza.

Nilitoka kuwaambia. Vumilia alikuwa kwenye benchi na mumewe. Nilipotamka kwamba mama yake hatoi mkojo, aliruka akasimama, akafungua kinywa, akamtazama Enock, akakifunga. Hakuweza. Neno lenyewe halitamkwi hivyo mbele ya mkwe, sembuse kueleza mpira ulipofungwa na ulivyofungwa. Alinipita mbio, akamkuta Hosiana mlangoni.

"Sista, niingie peke yangu. Nakuomba kwa Mungu. Peke yangu tu."

"Peke yako ukamfanye nini? Ukamnyweshe dawa za kwenu?" Hosiana akamsukuma pembeni na kumwita Enock. "Wewe baba, ingia. Mnasafirisha mgonjwa, lazima mwanamume asikie."

Kwa hiyo wakaingia wote. Enock akasimama karibu na ukuta. Vumilia akasimama kati yake na kitanda, mikono imetanda kidogo, hajui kama anamzuia mumewe au anamkinga mama yake. Dawa ya usingizi ilikuwa imeanza kupungua nguvu na Mama Lusia alikuwa amefumbua macho nusu.

Hosiana ana kanuni kwamba mgonjwa hasogezwi hata kutoka kitanda kwenda kitanda kabla mipira yote haijafuatwa upya. Akaanza. Mdomo, pua, shingo, mkono. Akaingiza vidole chini ya blanketi kuufuata wa mkojo, na nikaona vidole vimesimama. Uso ukambadilika. Mtu mwingine angeuacha mkono wake humo humo, angefungua kimyakimya, angesema lolote baadaye. Hosiana alilishika blanketi na kulivuta lote mpaka sakafuni.

Mama Lusia alikuwa uchi. Tumbo lake la chini lilikuwa limevimba kama la mja mzito, na pajani pale, mpira umekunjwa na kufungwa kwa ukanda wa kanga ya maua mekundu.

"Nani amefunga?" Hosiana akapiga kelele. Akaukata ukanda kwa mkasi na kuuinua juu kila mtu auone. "Figo zimekata, eeh? Figo hizi hapa! Tazameni! Wewe baba, tazama mkeo alichofanya!"

Mkojo ukashuka kwa nguvu, mfuko ukajaa huku tunautazama, chumba kizima kikisikia. Enock alitazama kwa sababu aliitwa atazame. Mtu akikupigia kelele "tazama," shingo inageuka kabla ya akili. Mama Lusia naye alikuwa anamtazama. Nikaokota blanketi nikamfunika, lakini blanketi haliwezi kurudi nyuma. Machozi yalikuwa yanamtoka na kuingia masikioni, na mikono yake ilikuwa imefungwa, hakuweza hata kujifunika uso.

Enock alitoka. Hakukaa tena kwenye lile benchi.

"Ungemuua mama yako!" Hosiana akamwambia Vumilia.

"Ulisema mkwe wake asimame hapa," Vumilia akasema. Hakuwa analia tena, na sauti yake ilikuwa kavu. "Nikataka kufungua, ukanifukuza. Nikarudi, ukanisukuma. Mimi ningemuua mama yangu. Wewe umemfanya nini?"

Daktari Athanas aliagiza maji yapunguzwe na safari isitishwe, akatoka. Hosiana aliuning'iniza mfuko vizuri, akaandika kipimo. Hakuna aliyemwambia pole, na mimi sikutaka kuwa wa kwanza.

Figo zilipona. Utumbo uliunga. Ikafika asubuhi ya kutoa mpira wa mdomoni, kazi ambayo Hosiana hamwachii mtu, kwa sababu anapenda neno la kwanza la mgonjwa. Kwa kawaida huwa ni asante, au maji. Akautoa, akampangusa Mama Lusia mate, akamwinamia.

"Shikamoo, mayu," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma, lugha yake.

Mama Lusia alimtazama kwa muda mrefu. Midomo ilikuwa imepasuka, koo limekwaruzwa, lakini sauti alikuwa nayo. Tuliijua aliponiomba mimi maji dakika chache baadaye na kunishukuru vizuri. Lakini shikamoo ya Hosiana hakuiitikia. Aligeuza uso ukutani.

Kesho yake Hosiana akamwamkia tena. Kimya. Keshokutwa yake, kimya. Alibadilisha zamu na wenzake ili awe anamhudumia yeye. Akamgeuza, akamchana nywele, akamkanda miguu, na kila alipomkaribia alisema shikamoo, mayu. Huku kwetu hata adui yako akikuamkia unaitikia marahaba, halafu ndipo mnaendelea na uadui wenu. Mama Lusia aliinyima ile marahaba kama vile ndiyo mali pekee iliyobaki kwake.

Siku ya kuruhusiwa, Vumilia alikuja na gari la jirani. Enock hakuja. Wazee wa Samuye walikuwa wametaka mbuzi achinjwe ili kuosha aibu ile, na Enock alimtoa mara moja, lakini Mama Lusia alishasema hatakanyaga Kahama tena, hata binti yake akijifungua. Hosiana alisukuma kile kiti cha magurudumu mwenyewe mpaka getini. Akamwinamia kwa mara ya mwisho.

"Shikamoo, mayu."

"Yaya," Mama Lusia akasema. Kwa Kisukuma ni hapana. Kisha mlango wa gari ukafungwa.

Usidhani Hosiana alibadilika akawa mtu mwema. Anapiga makofi ya mkononi kama zamani na hirizi bado anazikata. Ila baada ya hapo alileta kitenge chake kipya, kizuri, ambacho mimi nilikuwa nakitamani, akakikata vipande na kushona mifuko ya kufunikia mifuko ya mkojo. Inaning'inia chini pale pale inapotakiwa, na kila mmoja una tundu la pembeni ambalo nesi akiinama anaona kipimo. Mtu akifika mlangoni, Hosiana anamfokea, "Wewe ni nani wake?" Akijibu ni mkwe, anamfokea tena, "Subiri hapo!" Anaingia, anafunika mfuko, anavuta shuka mpaka kidevuni, anaufuata mpira kwa vidole, kisha anamwita. Akitoka, anaufuata tena.

Juzi nilimkuta kwenye chumba cha chai anashona mwingine. Alikuwa hajavaa miwani, uzi unamkwepa. Nikakaa mbali naye, kama ilivyo desturi yangu.

"Anisia," akasema bila kuinua kichwa, "siku nikilazwa humu ndani, Wilbard asiingie."

Nikanywa chai.

"Na akiingia, kwanza nifunike. Hata kama moyo umesimama. Nifunike kwanza, ndipo unishtue moyo."

Nilimtazama. Nilikuwa nimelisubiri neno lile muda mrefu bila kujua kwamba nalisubiri.

"Mama Paskalina," nikamwambia, "mgonjwa hana mkwe."

Aligeuza uso ukutani, sindano mkononi, na hakujaribu tena kutunga ule uzi.